Woga Unapochagua Njia ya Kupita

Anayetoka soko la samaki la Msasani, jijini Dar es Salaam, kwa miguu kuelekea Masaki hukutana na maandishi yaleyale geti baada ya geti, mengine kwenye kibao cha bati, mengine yamepakwa kwa brashi ukutani: HATARI, MBWA MKALI. Muuza samaki mwenye ndoo kichwani hupita akinadi. Fundi wa mabomba hugonga, akasubiri mlinzi amfunge mbwa, akaingia kufanya kazi yake. Lakini yupo na yule ambaye kibao peke yake kinamtosha. Akikiona tu, moyo unaanza kwenda mbio, viganja vinalowa jasho, miguu inakuwa mizito. Anavuka barabara, anakuta upande wa pili nako kuna kibao, anageuza, na mwisho anazunguka kupitia barabara kuu kwenye jua la saa saba mchana. Mbwa mwenyewe hakubweka wala hakuonekana.

Jirani akimwona atasema "huyu mwoga", na maneno yataishia hapo. Ni hukumu nyepesi, na inawaumiza watu wengi. Woga wa namna hiyo unajulikana katika tiba kwa jina la fobia. Una vipimo vyake, una namna unavyozaliwa na kukua, na una tiba yenye matokeo mazuri kuliko tiba za matatizo mengine mengi ya akili. Si tatizo la wachache pia. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi 22 na kuchapishwa mwaka 2017 uligundua kuwa takriban watu 7 kati ya kila 100 hupata fobia ya kitu mahususi wakati fulani maishani, wanawake mara mbili ya wanaume, na kwamba nusu ya wenye tatizo hilo lilikuwa limeshawaanza walipofika miaka minane. Ni watu wazima wanaobeba woga waliouokota darasa la pili.

Kabla ya kumwita mtu mgonjwa, lazima kwanza haki itendeke kwa woga wenyewe. Kumwogopa mbwa Tanzania ni akili timamu. Makadirio yanayotumiwa na watafiti yanaonyesha kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 1,500 kila mwaka nchini, wengi wao watoto, na dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Aliyeng'atwa anatakiwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi chanjo siku hiyohiyo. Mzazi anayemwambia mwanawe asimchokoze mbwa asiyemjua anaokoa maisha. Wahenga wa pwani waliliona hilo zamani waliposema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio: mwoga hurudi nyumbani salama, na matanga hukaa kwa shujaa.

Sayansi imewapa wahenga ushahidi wa ajabu. Huko Iowa, Marekani, watafiti wamemfuatilia kwa miaka mingi mwanamke anayetajwa kwa herufi mbili tu, S.M., ambaye ugonjwa adimu uliharibu amigdala zake zote mbili, yaani viungo vidogo vilivyo ndani ya ubongo usawa wa panda la uso, ambavyo hushughulika na kutambua hatari. Mwanamke huyo alipopelekwa kwenye duka la nyoka na buibui aliwagusa na kutaka kuendelea kuwagusa, hata wale aliokatazwa. Maishani mwake amewahi kutishiwa kwa kisu na kwa bunduki, kwa sababu hakuwa na kile kitu kinachomwambia mtu "hapa ondoka". Asiye na woga kabisa anaishi kwenye hatari ya kudumu.

Basi mpaka uko wapi?

Madaktari wa magonjwa ya akili hawaangalii ukubwa wa woga peke yake. Huangalia mambo kadhaa kwa pamoja: je, woga umezidi mno hatari iliyopo? Je, huja kila mara mtu anapokutana na kitu hicho, hata picha yake? Je, anakikwepa kwa nguvu zote, au akikikabili huteseka vibaya? Je, hali hiyo imedumu, kwa vipimo vya Wamarekani miezi sita au zaidi? Na swali linalobeba uzito kuliko yote: je, imemharibia kazi, masomo, ibada, ndoa, au matembezi yake ya kawaida? Mtu anaweza kutetemeka kila aonapo mjusi na asiwe na fobia ya kutibiwa, kwa kuwa anapiga kelele, mjusi anakimbia, na siku inaendelea.

Tena mazingira ya mtu hupimwa pamoja naye. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito inayooshwa mara saba, mara moja ikiwa kwa udongo. Mzee aliyevaa kanzu akielekea msikitini adhuhuri, akimwona mbwa atapisha njia. Hapo hakuna ugonjwa wowote. Anaitunza twahara yake, na akishapita anaendelea na mazungumzo aliyoyaachia njiani. Daktari aliyesomea mbali, asiyelijua hilo, anaweza kuandika fobia mahali ambapo pana fikihi tu. Na kinyume chake hutokea pia: mtu mwenye woga mkali hujificha nyuma ya najisi, akawaambia wenzake anakwepa kwa sababu ya sala, ilhali hata Jumapili asubuhi akiwa na fulana na kandambili hawezi kupita kwenye uchochoro ambao mbwa amelala ng'ambo. Moyo wake ndio unaomsuta.

Msasani ni mahali pazuri pa kuona jinsi fobia ileile inavyoweza kuwa jambo dogo kwa mmoja na msiba kwa mwingine. Ndani ya kata moja kuna Bonde la Mpunga, ambako vyumba vimebanana na maji ya mvua huingia ndani, na hatua chache mbele kuna majumba ya wanadiplomasia na mabalozi. Mwenye gari anayeogopa mbwa hana haja ya kuteremka barabarani. Kijana anayepeleka chakula kwa pikipiki, akianza kukataa oda za nyumba zenye kibao, hasara huiona jioni anapohesabu hela ya kumpelekea tajiri wa pikipiki. Kadhalika lifti. Mkazi wa nyumba ya chini anaweza kumaliza miaka 20 bila kujua kama anaogopa kufungiwa ndani ya lifti. Siku anapoajiriwa kwenye moja ya minara iliyojengwa na mfuko wa pensheni wa PSPF katikati ya jiji, yenye ghorofa 35, woga uliokuwa umelala unaamka, na kukatika kwa umeme kunaupa hoja. Anapanda ngazi. Mwezi wa kwanza anasema ni mazoezi. Mwezi wa pili anachelewa vikao, na mwezi wa nne anaomba uhamisho bila kusema sababu.

Lakini woga unaofundisha zaidi katika ukanda huu ni wa chombo cha majini, kwa sababu una historia inayojulikana na kila familia. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, watu zaidi ya 800 wakafa. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 MV Spice Islander, iliyojaza kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa na mamia ya wengine hawakuonekana tena. Haukupita mwaka, 18 Julai 2012, MV Skagit iliondoka bandari ya Dar es Salaam na kuzama karibu na kisiwa cha Chumbe. Tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa zamu ya kivuko cha MV Nyerere huko Ukara, watu 228. Mtu wa Msasani mwenye shangazi Unguja au shemeji Wete hawezi kuambiwa kwamba anaogopa kitu kisichokuwepo.

Baada ya ajali hizo watu wengi waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Walichagua chombo, waliuliza idadi ya abiria, waliangalia maboya yako wapi, waliahirisha safari upepo wa kusi ulipochachamaa. Woga wa aina hiyo hupaswa kusikilizwa na wenye vyombo na wenye mamlaka ya kuvikagua, na ni kosa kubwa kuugeuza kuwa ugonjwa wa abiria. Abiria anayegoma kupanda chombo kilichojaa si mgonjwa. Anayejaza chombo ndiye wa kuulizwa.

Sasa mchukulie mfanyabiashara mmoja wa mfano, anayeleta karafuu na nguo kutoka visiwani. MV Skagit ilipozama mwaka 2012, alikuwa na tiketi ya wiki iliyofuata. Aliirudisha. Akapumua. Mwezi uliofuata alipanga tena safari, lakini asubuhi yake tumbo likamsokota, akamtuma mdogo wake. Akapumua tena. Mwaka wa pili hakuweza kukaa kwenye mgahawa wa ufukweni. Mwaka wa tatu alikuwa akizima televisheni likionyeshwa tangazo lenye boti. Bahari haikubadilika, na yeye hakuwahi kupatwa na ajali yoyote. Woga ulikua bila chakula kipya kutoka nje.

Mwanasaikolojia wa Marekani O. Hobart Mowrer aliueleza mzunguko huu tangu mwaka 1947, na maelezo yake bado ndiyo msingi wa tiba. Woga huingia kwa njia moja na kudumu kwa njia nyingine. Huingia kwa tukio: kung'atwa, kusimuliwa, kushuhudia. Hudumu kwa sababu kila mara mtu anapokwepa hupata ahueni ya papo hapo, na ahueni ni tuzo tamu mno. Ubongo huandika: nimepona kwa sababu sikupanda. Haupati kamwe nafasi ya kuona kwamba angepanda na kufika salama. Kukwepa kunafanana na ile mikopo ya kausha damu wanayokopeshwa kina mama wa Dar es Salaam: leo shida imetatuka, kesho marejesho ni makubwa kuliko ulichopewa, na keshokutwa unakopa tena ili ulipe. Waswahili walijua sehemu ya kwanza ya jambo hili, kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sehemu ya pili ni kwamba akiukimbia kila ung'ongo, baada ya muda atashtuka hata akiona mkeka.

Hapa kuna tofauti moja isiyotakiwa kupitwa haraka. Aliyekuwa ndani ya chombo kilichozama, akanywa maji ya chumvi usiku kucha akiwasikia watu wakiita, huenda hana fobia bali jeraha la akili linalofuatia janga, ambalo lina ndoto, kumbukumbu zinazojirudia kana kwamba tukio linatokea sasa, na kushtuka kwa kila mlio. Dar es Salaam ina majeraha hayo. Asubuhi ya 7 Agosti 1998 bomu liliulipua ubalozi wa Marekani uliokuwa Oysterbay, mwendo mfupi tu kutoka Msasani, watu 11 wakafa. Dakika hizohizo Nairobi ilipoteza zaidi ya watu 200. Baadaye Mbagala, 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, 16 Februari 2011, maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka, mabomu yakaangukia nyumba za watu na watoto wakapotezana na wazazi wao. Daktari wa Kenya Frank Njenga na wenzake waliwahoji watu zaidi ya 2,800 walioguswa na mlipuko wa Nairobi, na mwaka 2004 wakachapisha kwamba takriban asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribiana na jeraha hilo. Mtu wa Mbagala anayejificha uvunguni radi inapopiga haitoshi kumwambia ana fobia ya radi. Anahitaji msaada mpana zaidi, wa mtu aliyefunzwa kushughulika na waliopitia majanga.

Upo pia woga wa umma, ambao nao si fobia. Mapema mwaka 1995 habari za popobawa, jini lililosemekana kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, zilianzia Pemba, zikafika Unguja, zikavuka hadi Dar es Salaam. Familia zilitoka vyumbani zikalala uani na barabarani, zimejikusanya karibu na moto. Mtu mmoja mjini Zanzibar, mwenye matatizo ya akili, aliuawa na kundi la watu waliomshuku. Aliyelala nje na majirani wake usiku ule alikuwa akifanya kile ambacho mtaa mzima uliamini. Wimbi lilipita na watu wakarudi vitandani. Fobia humbakia mtu mmoja mtaa wote ukiwa umelala, naye mara nyingi hujua mwenyewe kwamba woga wake umepita kiasi. Kujua huko hakumsaidii, na ndiyo sababu kumwambia "jikaze" ni kumwongezea aibu juu ya woga.

Chanzo cha baadhi ya fobia kiko nyumbani, na hapa lawama lazima itajwe waziwazi. "Ukilia nitamwita daktari akuchome sindano." Sentensi hiyo husemwa kila siku katika vibaraza vya Msasani, Temeke na kwingineko, na mwenye kuisema anampenda mwanawe. Mtoto hunyamaza, na mama huona imefaa. Miaka 20 baadaye binti huyo anakwepa kliniki ya wajawazito kwa sababu ya kupimwa damu. Woga huambukizwa pia kwa kutazama. Katika miaka ya 1980 watafiti Susan Mineka na Michael Cook, Marekani, waliwachukua nyani waliolelewa maabara, wasiowahi kuona nyoka wala kumwogopa, wakawaonyesha nyani wengine wakipiga kelele mbele ya nyoka. Waliotazama nao wakawa wanamwogopa. Filamu ilipochezewa ili ionekane kana kwamba nyani wanaogopa maua, hawakujifunza kuogopa maua. Viumbe vina utayari wa asili wa kuogopa baadhi ya vitu, na mtoto wa binadamu anausoma uso wa mama yake kwa makini kuliko anavyosikiliza maneno yake. Mama anayemkumbatia mwanawe kwa nguvu huku akitetemeka kila mbwa apitapo tayari ameshamfundisha.

Fobia ya damu na sindano inastahili aya yake, kwa kuwa inaenda kinyume na nyingine zote. Anayeogopa mbwa au lifti huhisi atazimia lakini kwa kawaida hazimii, maana presha yake imepanda. Anayeogopa damu presha hupanda kidogo, kisha hushuka ghafla, akaanguka kweli, mbele ya dirisha la maabara, na watu wakakimbilia maji na vitabu vya kumpepea. Tatizo hili hurithika sana katika familia. Msweden Lars-Göran Öst alibuni njia rahisi ya kulizuia: mtu hukaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka ahisi joto usoni, hulegeza kwa nusu dakika bila kujilaza, kisha hurudia mara tano. Akifanya mazoezi hayo kila siku, kisha akayatumia kwenye kiti cha maabara, presha haipati nafasi ya kuanguka. Njia hii haigharimu chochote, na kila muuguzi wa zahanati angeweza kuifundisha kwa dakika kumi. Kushindwa kuifundisha ni hasara, katika nchi ambayo mgonjwa wa kisukari, mama mjamzito na anayepima virusi vya Ukimwi wote hupita kwenye sindano ileile.

Kwa fobia nyingine, tiba ni moja yenye sura nyingi: kukikabili kinachoogopwa, hatua kwa hatua, kwa hiari ya mwenyewe, na kukaa nacho mpaka woga ushuke wenyewe. Mary Cover Jones aliionyesha mwaka 1924 kwa mtoto wa karibu miaka mitatu aliyeitwa Peter katika maandiko yake, aliyekuwa akimwogopa sungura. Mtoto alikaa anakula kitu akipendacho, sungura akiwa mbali ndani ya kizimba; siku hadi siku kizimba kikasogezwa, mwisho mtoto akampapasa sungura kwa mkono. Mwafrika Kusini Joseph Wolpe, daktari aliyewatibu askari wa Vita vya Pili vya Dunia na kuona dawa hazifui dafu, aliigeuza kuwa tiba kamili katika kitabu chake cha mwaka 1958. Tiba hii ina sehemu ya mizizi yake barani Afrika, ingawa watu wengi wa Afrika bado hawaifaidi.

Yule mfanyabiashara wa karafuu angefanyaje? Msasani na jiji linaloizunguka vina ngazi zote anazozihitaji. Kwanza huandika kwenye daftari mambo kumi kuanzia linalomtisha kidogo hadi la kutisha kabisa, kila moja akilipa alama kati ya 0 na 100. Ngazi ya kwanza yaweza kuwa kukaa ufukweni alfajiri wavuvi wanapopakua samaki, macho yakiwa kwenye maji, bila simu mkononi na bila kukimbia. Dakika za mwanzo alama zitapanda, pengine 60. Atakaa. Baada ya nusu saa au zaidi zitashuka zenyewe, bila dawa na bila mtu kumbembeleza. Atarudi kesho na keshokutwa, mpaka kukaa pale kuwe kunachosha badala ya kutisha. Kisha ataomba kukaa ndani ya ngalawa iliyotia nanga maji yakiwa ya magotini, akihisi inavyoyumba. Kisha kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni, dakika chache tu, kwenda na kurudi mara nyingi kwa siku moja. Kisha boti ya Slipway kwenda kisiwa cha Bongoyo, takriban nusu saa, siku bahari imetulia. Na mwisho boti ya Unguja, takriban saa mbili, chombo chenye leseni na idadi halali ya abiria.

Makosa yanayoiharibu kazi hii yanajulikana. La kwanza ni kushuka katikati ya ngazi woga ukiwa juu kabisa, kwa kuwa hapo ubongo huandika tena kuwa umeokoka kwa kukimbia. La pili ni utani wa marafiki wanaomsukuma mwenzao majini "ili azoee". Hiari ndiyo inayoponya, na anayelazimishwa hujifunza tu kuwaogopa marafiki pia. La tatu ni vidonge. Diazepamu hutuliza, lakini mtu akipanda boti akiwa amekunywa kidonge atahesabu kuwa kidonge ndicho kilichomfikisha Unguja, na dawa hiyo ina tabia ya kumfanya mtu aitegemee. La nne ni kufanya mazoezi mahali pamoja tu. Watafiti wa siku hizi, Michelle Craske akiwa miongoni mwao, wameonyesha kwamba woga wa zamani haufutiki. Mtu hujenga kumbukumbu mpya inayoshindana nao, na kumbukumbu hiyo huimarika akifanya mazoezi kwa mbwa tofauti, mitaa tofauti, saa tofauti. Ndiyo maana woga unaweza kurejea kidogo baada ya miezi kadhaa. Hiyo si ishara kwamba tiba imeshindwa, bali ni siku ya kurudi kwenye ngazi. Kwa fobia za wanyama, Öst alionyesha mwaka 1989 kuwa hata kikao kimoja cha hadi saa tatu, kikiongozwa na mtaalamu, huwatosha wengi.

Watu wengi, hata hivyo, huenda kwanza kwa mganga au kwa shehe, na hilo lisichekwe. Mwaka 2003 watafiti walichapisha ulinganisho wa wagonjwa wa vituo vya afya na wa waganga wa jadi katika mazingira ya mjini Tanzania: waliokwenda vituo vya afya asilimia 24 walikuwa na sonona au matatizo ya wasiwasi, na waliokwenda kwa waganga asilimia 48. Maana yake ni kwamba mgonjwa aliyeketi kwenye kilinge alikuwa na uwezekano mara mbili wa kuwa na matatizo hayo kuliko aliyeketi kwenye dispensari. Kisomo humpa mtu utulivu na kumrudisha kwa jamaa zake, na mwenye imani asinyimwe. Tatizo huanza pale mganga anapotoa sharti la kukwepa: usivuke maji, usipite njia ile, una jini la baharini. Sharti hilo linaubariki ugonjwa, na fobia iliyopewa baraka haitibiki kirahisi. Shehe au mchungaji anayemwambia muumini wake "soma dua, kisha panda kivuko nami nitakusindikiza" anafanya kazi inayokaribiana sana na ya mwanasaikolojia.

Wataalamu bado ni wachache mno kwa nchi iliyohesabiwa watu milioni 61.7 katika sensa ya mwaka 2022, na wengi wao wamezongwa na wagonjwa wa hali mbaya zaidi. Lakini wapo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na hospitali za rufaa za mkoa za Mwananyamala na Temeke nazo hutoa huduma za afya ya akili. Msomaji aliyejitambua katika kurasa hizi aende na maelezo kamili: anaogopa nini, tangu lini, na mambo gani ameyaacha kwa sababu hiyo katika miezi sita iliyopita. Aseme pia kama amewahi kupitia janga, na kama anakunywa dawa za usingizi au pombe ili kujituliza. Kisha amwulize daktari wazi kama tiba itahusu kukikabili anachokiogopa hatua kwa hatua. Akipewa vidonge peke yake na kuambiwa arudi mwezi ujao kuchukua vingine, ana haki ya kuomba aelekezwe kwa mwanasaikolojia.

Na mzazi mwenye mtoto wa umri wa kwenda kliniki leo, amwambie ukweli: sindano itauma kidogo, mama atakuwepo, na itaisha kabla hujahesabu hadi tano.